Kisima kiko chini ya tuta lako la mchicha

Jumamosi iliyopita nilifika darasani na jiwe. Si jiwe la maana, kipande tu cha haya mawe yetu ya huku Makunduchi, kusini mwa Unguja, haya ya matumbawe yenye ncha yanayotoboa kandambili, nimelitoa kwenye ukuta wa banda la mbuzi ulioanguka. Kinamama wakanicheka, "Mwalimu leo umekuja kujenga?" Nikaomba bakuli jeupe, nikapanga vijiti viwili juu yake, nikaliweka jiwe juu ya vijiti, halafu nikachukua kopo la maji niliyotia rangi, ile nyekundu tunayotilia miyaa ya mikeka, nikamimina kidogo kidogo. Sijamaliza kumimina, tone la kwanza limeshadondoka bakulini. Jekundu vile vile kama lilivyoingia.

Nikarudia, safari hii na kopo la maziwa nililolitoboa chini na kulijaza udongo mwekundu niliouletewa kutoka upande wa Kizimbani, magharibi ya kisiwa. Maji yakakaa, yakakaa, tukazungumza habari za harusi ya watu, tukapiga na chai, ndo yakaanza kuchuruzika taratibu na rangi imefifia karibu yote.

Watu wakanyamaza. Halafu bi mkubwa mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na ukili wake mkononi akasema kama anajisemea mwenyewe, "Kwa hivyo karo la mwanangu linaingia kisimani kwangu."

Karo ndo shimo la maji machafu ya nyumba. Nikamwambia ndio bibi, inawezekana sana. Na dawa anayopulizia mkweo kwenye mabilingani nayo inaingia humo humo.

Hili ndo jambo ambalo limenikaa moyoni huu mwaka wa pili sasa, na ndo sababu ya mie kuacha Jumamosi zangu za kupumzika nikakaa chini ya mwembe na wenzangu. Huku kwetu tumeshafundishwa mengi, siwezi kusema hatujafundishwa. Anakuja mtu wa kilimo anafundisha kupanda mchicha kwenye magunia, anaondoka. Anakuja mtu wa afya anafundisha kuchemsha maji, anaondoka. Anakuja mwengine na habari za dawa za wadudu, anagawa vipeperushi, picha tunapiga, anaondoka. Kila mmoja na somo lake, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba somo ni moja, kwamba mchicha na dawa na choo na kisima vyote viko juu ya jiwe hilo hilo lenye matundu, na unachokimwaga juu leo utakinywa kesho kutwa.

Mtu wa mashamba ya magharibi, wa udongo mzito, pengine hili halimgusi sana. Wao ardhi inawachujia. Mtu wa mjini naye mababu zake waliletewa maji ya bomba kutoka Chemchem tangu enzi za Sultan Barghash, huko miaka ya 1880. Sisi wa Kusini hatuna mto wala kijito, mvua ikinyesha inapotelea mle mle kwenye mawe, na maji yetu ni ya visima na mapango. Chini kabisa kuna maji ya bahari yaliyopenya kupitia mawe, na juu yake yanaelea maji baridi ya mvua kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, ni utando tu. Wazee wetu walilijua hili bila ya kusoma popote, ndo maana utamsikia mzee anakwambia kisima kile usiteke wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana na kutoka sana, subiri maji mafu, bahari ikitulia. Kisima kinapanda na kushuka na bahari, na ukikivuta kwa pampu ya nguvu kutwa nzima, maji baridi yanakwisha na chumvi inapanda kutoka chini. Ikishapanda haishuki haraka. Nyumba za wageni zimejaa pwani yote hii na kila moja ina pampu yake, na visima ambavyo bibi yangu alikuwa akipikia chai leo tunafulia tu.

Basi ngoja niwaeleze habari ya chupa.

Nina ndugu yangu anafanya kazi ya maabara, akanipatia vichupa vya kupimia maji, vile vidogo ambavyo ndani vina karatasi yenye dawa. Unatia maji ya kisima, unafunga, unaweka kivulini kwenye joto la nyumba siku moja mpaka mbili. Maji yakibaki kama yalivyo, afadhali. Yakigeuka meusi, ujue humo huenda mna vijidudu vya aina inayotoka tumboni, yaani pengine kinyesi kimefika, cha mtu au cha mnyama. Si kipimo cha hospitali, hakikwambii ni ugonjwa gani wala ni vijidudu vingapi, lakini kwa mama ambaye hajawahi kuona kijidudu kwa macho yake, hakuna mwalimu anayekishinda hiki kichupa. Tulipima visima vinane. Nikaviandika namba kwa marka, nikavipanga juu ya kabati ya vyombo kwangu, na kila mtu akaambiwa aje aangalie mwenyewe asiambiwe na mtu.

Siku ya pili asubuhi, baada ya sala ya alfajiri tu, nasikia hodi. Ni shangazi yangu, kaja kuangalia namba nne, kisima chake. Maji ya kisima kile ni maangavu jamani, baridi, matamu, hayana chumvi hata kidogo, watu wanatoka mtaa wa pili kuja kuteka. Kichupa kimekuwa cheusi kama wino wa pweza. Akakishika, akakigeuza huku na huku dirishani, akakirudisha mahali pake pole pole. Akaniuliza, "Na watoto wote wale wanaoharisha kila masika, ni hiki?" Sikuweza kumwambia ndio kwa uhakika, mie si daktari, lakini wala sikuweza kumwambia siyo.

Vitano kati ya vinane viligeuka. Kuna jambo nililiona na nataka mliangalie na kwenu: vitatu vilivyobaki safi vyote vina ukingo wa saruji uliopanda juu ya ardhi, vina mfuniko, na ndoo ya kutekea ni moja inayoning'inia, hailazwi chini. Vile vitano kila mtu anakuja na ndoo yake, imetoka chooni, imetoka bandani, inaingia. Na viwili kati ya hivyo kuna ng'ombe amefungwa mita chache tu upande wa juu. Tunaambiwa choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, sawa, lakini kwenye mawe haya mita 30 si kinga, manake ufa mmoja unaweza kupeleka maji mbali zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Bora choo kiwe upande wa chini, kisichimbwe kikafika majini, na karo lijengwe lifungwe, lisiachwe wazi chini ati linywe lenyewe. Hilo neno "linywe" tunalisema kwa raha kabisa, karo langu zuri halijai, linakunywa. Linakunywa linapeleka wapi?

Kuhusu kuyasafisha ya kunywa, sina jipya la kukuambia zaidi ya kuyachemsha mpaka yatokote khasa, mapovu makubwa, yakishatokota yatosha, huna haja ya kuyaacha nusu saa ukamaliza kuni. Kuni zenyewe ziko wapi, na gesi bei yake mnaijua. Kwa asiye na kuni kuna njia ya jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, ile ya maji ya lita moja na nusu, ioshe, itie maji yasiyo na vumbi, ilaze juu ya bati saa 6 za jua kali, na kukiwa na mawingu iache siku mbili. Huku kwetu jua tunalo la kumwaga. Maji yakiwa na uchafu unaoonekana yachuje kwanza kwa kanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne. Hili la kitambaa si hadithi, kule Bangladesh walilijaribu kwa sari kuukuu na utafiti uliotoka mwaka 2003 ulionesha kipindupindu kilipungua karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake vinajishika kwenye wadudu wadogo sana wa majini ambao kitambaa kinawazuia. Lakini kitambaa ni cha kusaidia tu, kuchemsha kubaki pale pale. Sisi kipindupindu si mgeni kwetu, kiliingia Zanzibar tangu karne ya 19, kikazuka tena mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi, hata 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa.

Na kuna kitu kuchemsha hakukitoi. Chumvi haitoki, kila mtu anajua. Lakini hata naitreti haitoki. Naitreti ni ile chumvichumvi inayotokana na mbolea na samadi na vyoo, haina rangi haina ladha, na ukiyachemsha maji ndo inazidi kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Kwa mtu mzima si tatizo sana, kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo ni hatari, damu yake inashindwa kubeba hewa, anaweza kugeuka rangi midomo na kucha. Mama mwenye mtoto mchanga, mpe ziwa lako. Na mwenye bustani, hiyo yurea, mbolea ya dukani, unayoimwaga kwa kikombe kwenye matuta yaliyo pembezoni mwa kisima, mvua moja tu kubwa na imeshafika.

Sasa nisionekane naipiga vita bustani, hapana, bustani naipenda kuliko mengi. Nenda soko la Mwanakwerekwe uone tungule (nyanya), vitunguu, karoti, sehemu kubwa imevuka bahari kutoka bara, bahari ikichafuka na meli zikichelewa fungu la tungule linapanda mpaka mtu anaamua kupika mchuzi mweupe. Mama mwenye magunia manne ya mchicha na mashina sita ya bilingani nyuma ya nyumba hanunui mboga wiki nzima. Huku udongo ni wa kuokota, unaupata kwenye vishimo vya mawe kiganja kiganja, ndo maana tunapanda kwenye magunia, kwenye ndoo zilizopasuka, kwenye mtumbwi mbovu (kweli, mtumbwi mbovu wa babu yangu sasa una kisamvu upande mmoja na pilipili upande wa pili). Chini tunaweka makumbi ya nazi, yanashika maji vizuri sana, juu yake udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Iliyooza narudia. Samadi mbichi inaunguza miche na inaleta minyoo na vijidudu mpaka kwenye jani la mboga. Irundike, ifunike kwa makuti, igeuze geuze, ipe miezi mitatu mpaka isinuke tena.

Mwani uliotupwa pwani nao ni mbolea ila uoshwe kwanza kwa maji ya mvua mara mbili tatu, na usiuweke mwingi.

Haya, wadudu. Hapa nataka kukaa kidogo maana ndo tunapokosea zaidi.

Kuna jirani yangu, dada mmoja mchapakazi sana, mabilingani yake yalikuwa yanakunjana majani, yananata nata, na chungu weusi wanapanda na kushuka kwenye shina kama watu wa sokoni. Akaniambia kila siku asubuhi anapita kuua wadudu kwa mkono, anaua mpaka vidole vinabadilika rangi, na wala hawaishi. Nikamwambia twende nikaone. Tukachuchumaa, nikageuza jani. Chini ya jani wamejaa vidukari, wale wadogo wa kijani, wametulia wananyonya. Na katikati yao kuna mdudu mmoja mweusi mrefurefu mwenye vidoa vya rangi ya machungwa mgongoni, ukimtazama kwa karibu kama mamba mdogo. Yule dada akapeleka kidole amsage, nikamshika mkono. "Huyu ndo mkubwa wao," akaniambia, "huyu ndo nnaemuua kila siku." Nikamwambia tulia umtazame. Tukakaa pale labda dakika tano bila ya kusema. Yule mamba akasogea, akamkamata kidukari mmoja, akamnyanyua, akawa anamla miguu ikitikisika, akamaliza, akamfuata mwengine.

Alishtuka yule dada. Kumbe ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa duara mwenye madoa meusi ambaye sote tunamjua na watoto wanamchezea, na mkubwa na mtoto wote chakula chao ni vidukari. Siku zote hizo alikuwa anawaua walinzi wake na kuwaacha wezi. Na wale chungu weusi hawakuja kula jani, wanakuja kunywa ule utamu unaotoka kwa vidukari, na kwa ajili ya utamu huo wanawafukuza wanaowala. Ukiwazuia chungu kupanda kwa kuzungushia shina kitambaa kilichopakwa mafuta mazito, nusu ya kazi umeimaliza.

Tangu siku hiyo tumeweka sharti kwenye darasa: hakuna kupuliza chochote mpaka ukae na mmea, ugeuze majani, uhesabu wabaya wangapi na wema wangapi. Si ubunifu wangu. Huko Indonesia mwaka 1986 serikali yao ilipiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga baada ya kuona kadri wanavyopuliza ndivyo wadudu wanavyozidi, maana dawa ilikuwa inawaua buibui na wengine wanaowala wadudu, na mwaka 1989 wakaanza madarasa ya wakulima kukaa shambani kuhesabu na kuchora walichokiona. Mashamba darasa tunayoyasikia leo chanzo chake ni hicho. Sisi tunachora kwenye madaftari ya skuli ya watoto wetu, na kuna bibi wa miaka sabini na kitu ambaye hajui kusoma lakini anachora utitiri wa kwenye bilingani ukatamani umtie fremu.

Wala hata Indonesia si lazima twende. Hapa hapa Unguja miaka ya 1950 alikuwepo mtaalamu wa Kiingereza anaitwa Way aliyefanya utafiti wa minazi, akaonesha kwamba minazi yenye chungu wale wekundu, majimoto, wale wanaoshona majani, nazi zake hazianguki changa kama ile isiyo nao, kwa sababu majimoto wanamfukuza mdudu anayenyonya vidaka, yaani nazi zikiwa changa kabisa. Mdudu huyo mpaka leo jina lake la kisayansi limebeba jina la Way. Sasa sisi tukiona kiota cha majimoto mwembeni tunawasha moto. Wanauma najua, mie wameshaniingia kwenye baibui nikalia, lakini mnazi una faida nao. Na mbung'o aliyekuwa akiua ng'ombe huku, hasa upande wa Jozani, alimalizwa Unguja nzima kufikia 1997 kwa kuachia mbung'o madume yaliyofanywa tasa, ndege ilikuwa inapita inayamwaga, yakaoana na majike na mayai yasiwe kitu. Kisiwa chetu kina historia ya kumshinda mdudu kwa kumjua.

Dawa ya duka siikatai moja kwa moja, kuna wakati ndo imebidi, wale viwavi wa tungule wanaotoboa majani na matunda wakishashika huna ujanja. Ila iwe na lebo yake, usome kipimo, usome na siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka jana mtoto wa familia yetu, wa miaka minne, alikutwa amekaa chini ya mpapai na chupa ya soda mkononi anahangaika na kifuniko. Ndani ni dawa ya wadudu. Muuzaji mmoja alimpimia mama yake robo kwenye chupa ile, bila ya lebo, bila ya neno, na mama akaiweka chini ya mpapai maana ndipo anapopulizia. Mungu alimnusuru, kifuniko kilikuwa kimekazwa. Kila nikikumbuka vidole vile vidogo vikizungusha kile kifuniko nakosa usingizi. Tafadhali, dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda au ya juisi usinunue hata ukipewa bure. Na bomba la kupulizia usilisafishe kisimani wala karibu na kisima, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye mimea ile ile uliyopulizia, na chupa ikiisha isuuze mara tatu uitoboe, asije mtu akatekea maji.

Cha kwetu sisi tunachotumia zaidi ni mwarobaini. Kilo moja ya majani mabichi, twanga, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa, tia kipande cha sabuni ya mche ulichokikwangua ili dawa ishike kwenye jani, halafu usipulize asubuhi wala mchana, puliza jioni jua likishapungua kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Puliza chini ya jani, wadudu hawakai juu. Usitegemee waanguke hapo hapo, mwarobaini unawakatisha hamu ya kula na kuwazuia wasikue, utaona tofauti baada ya siku kadhaa. Mbegu zina nguvu kuliko majani ukizipata. Na tafuta kinu cha peke yake, chetu tulichotwangia kilitia uchungu kisamvu cha watu. Kuna wanaochemsha tumbaku, mie naikataza, ile ni sumu kwa mtu pia, inapenya kwenye ngozi, na inaweza kuleta ugonjwa wa majani kwenye tungule.

Kunguru ni wavu tu, hakuna dawa nyengine. Waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ati wasafishe taka za mji, na sasa wanang'oa miche yangu. Konokono waokote usiku kwa tochi.

Nimebakisha la maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji, hesabu rahisi ambayo wanafunzi wangu wa darasa la tano wanaifanya. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48, mvua moja ya milimita 20, ambayo kwa masika ni mvua ya kawaida tu, inakupa lita 960, toa zinazopotea zibaki mia nane. Hizo ni ndoo 40 za lita 20 ambazo hukuzibeba kichwani. Maji ya mwanzo yaache yaende, yanaosha mavi ya ndege na vumbi, yanayofuata yaingize kwenye pipa, na pipa lifunike kwa chandarua kilichokazwa la si hivyo umewafugia mbu. Nyumba ya makuti maji yake tunayaacha ya bustani. Maji haya yanaokoa mimea kweli kweli, maana yenye chumvi yanaunguza ncha za majani na chumvi inabaki kwenye gunia ikijikusanya: kwangu maharage yalikufa yote, tungule zikadumaa, mchicha ndo uliovumilia. Hata ukimwagilia ya kisima, kila baada ya muda lioshe gunia kwa maji mengi ya mvua chumvi ishuke.

Shangazi ameshahamisha ng'ombe wake. Haikuwa rahisi, mjomba alisema yule ng'ombe kafungwa pale tangu wakati wa baba yake, wakakaa siku tatu hawasemezani vizuri, siku ya nne nikamkuta mjomba mwenyewe anachimba kigingi upande wa chini wa kiwanja. Vijana wa mtaani wamechanga mifuko miwili ya saruji na wamejenga ukingo, mfuniko umetokana na mlango wa zamani. Kisima tukakitia dawa akiwepo bwana afya, tukasubiri, tukakivuta maji mpaka harufu ya klorini ikatoka. Wiki mbili baadaye nikapima tena namba nne. Kichupa kimegeuka, si cheusi kama mwanzo, kijivu, lakini kimegeuka.

Shangazi amekitazama, kasema basi bado kuna ufa mahali. Sasa anataka jiwe langu na ile rangi nyekundu, anataka tuimwage kwenye karo la jirani yake, kwa ruhusa ya jirani, tuone itatokea wapi. Jirani kakubali. Tunasubiri maji mafu.